Kuiga na Kughushi

Mwiga tembo hupasuka msamba, husema methali yetu, na wengi huitumia kumvunja moyo kila aanzaye kazi kwa kufuata nyayo za mwingine. Lakini methali hii yakemea kuiga kwa majivuno. Kuiga kwa kujifunza ni jambo jingine, nalo lataka kupimwa kwa mizani yake.

Na tuwatazame wachoraji wa Ulaya. Mwaka 1628 Peter Paul Rubens alifika Madrid kwa shughuli za ubalozi. Alikuwa mtu wa miaka 51, mwenye sifa, mali na wanafunzi. Hata hivyo alisimama mbele ya picha za Titian, aliyefariki mwaka 1576, akazinakili. Katika picha ya Adamu na Hawa hakufuata kila mstari: alibadili kikao cha Adamu, akaongeza na kasuku. Picha zote mbili zimo katika jumba la Prado, na azitazamaye huona mabwana wawili wakizungumza.

Mazungumzo hayo hayapatikani kwa macho matupu. Wachoraji wengi wa zamani walipaka rangi za mafuta kwa matabaka. Kwanza waliweka umbo, nuru na kivuli kwa rangi ya kahawia au kijivu. Lilipokauka tabaka hilo, walitandaza juu yake rangi nyembamba ipenyezayo nuru, iliyochanganywa na mafuta ya kitani. Tabaka la juu halina budi kuwa na mafuta mengi kuliko la chini, ama sivyo picha huweza kupasuka. Mtazamaji huona wekundu wa joho akadhani ni rangi moja; anakiliye hugundua kuwa ni kadhaa, moja juu ya nyingine, naye hujifunza kungoja. Kila hatua humuuliza kwa nini bwana alianza hapa akaishia pale. Asipopata jibu la bwana hutoa lake, na hapo ndipo nafsi yake huanza kuonekana.

Washairi wetu waijua njia hii. Atungaye takhmisa huchukua mistari miwili ya mtunzi wa zamani akaitangulizia mitatu yake, wala hamdanganyi msikilizaji.

Mfano wa upotovu ni Han van Meegeren wa Uholanzi. Katika miaka ya 1930 alichora picha kwa mkono wa Vermeer, nayo ikanunuliwa kwa ajili ya jumba la makumbusho la Rotterdam kama kazi halisi. Mwaka 1947 mahakama ilimtia hatiani. Ustadi wake haukuwa haba; kosa lake lilikuwa kumshuhudisha uongo marehemu asiyeweza kukana.

Basi mwanafunzi asione haya kuiga. Aone haya kukomea katika kuiga, na zaidi kumficha aliyemwiga. Deni la elimu hulipwa kwa kutajwa, kisha kwa kuzidishiwa.