Mtunza Amana na Elimu Yake

Katika lugha yetu neno makumbusho limetokana na kitenzi kukumbusha. Hatukusema ghala la vikale, wala hazina ya vitu adimu. Tumesema mahali pa kukumbushia. Jina hili peke yake linatutwika swali zito: anayekumbushwa ni nani, na mwenye kukumbusha ameipata wapi haki ya kufanya hivyo? Swali hili linawahusu zaidi vijana wetu ambao, baada ya shahada ya kwanza, wanataka kusomea elimu ya makumbusho katika daraja ya uzamili, ili utunzaji wa urithi uwe kazi yao ya maisha.

Na tumfikirie kijana wa Kendwa, kaskazini ya Unguja. Amekulia kwenye wavuvi, na jirani zake ni mafundi wa vyombo wa Nungwi. Tangu utotoni amemwona fundi akichonga mataruma kwa tezo, akitoboa mbao kwa keekee, akikalafati maungo kwa pamba, naye hana mchoro hata mmoja wa karatasi mbele yake. Amewaona bibi zake wakifukia makumbi pwani, kisha wakiyaponda na kusokota kamba. Kijana huyu akiwaaga wazee wake kwamba anakwenda chuo kikuu kusomea utunzaji wa mambo ya kale, si ajabu wakimwuliza: “Mjukuu wetu, haya tumeyatunza sisi, na babu zetu kabla yetu, bila ya shahada. Hiyo shahada itaongeza nini?”

Swali la wazee halifai kupuuzwa, wala kujibiwa kwa kiburi cha msomi. Lina majibu mawili, na yote mawili ni ya kweli.

Jibu la kwanza ni kwamba mapenzi peke yake hayatoshi. Kusini kidogo ya Kendwa, pale Fukuchani, pana magofu ya nyumba ya mawe ya karne ya 16. Kwa muda mrefu watu wameyaita nyumba ya Wareno. Wanaakiolojia walipochunguza namna ilivyojengwa waliona kuwa yaelekea zaidi ni kazi ya mikono ya Waswahili wenyewe. Na katika eneo hilo hilo wakakuta athari za makazi ya kale zaidi, ya tangu karne ya 6 hivi. Basi ni elimu iliyotutanabahisha kwamba huenda tulikuwa tukimpa mgeni sifa ya ukuta wetu. Mdomo uliopokea kosa hurithisha kosa, hata kama msemaji ni mkweli.

Tena, kitu cha kale kina maadui wasiojali mapenzi yetu: mchwa, kutu, ukungu, na unyevu wa bahari. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 katika enzi ya Sultani Barghash, iliporomoka wakati likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Hatukuwa na upungufu wa mapenzi kwa jumba lile. Msiba ule unatufundisha kuwa urithi unahitaji pia watu wanaojua kupima, kuandika na kuonya mapema, na wanaosikilizwa wanapoonya.

Jibu la pili ni onyo kwa msomi. Nyumba ya Amani, Beit el-Amani ya Mnazi Mmoja, ilifunguliwa mwaka 1925 kwa ramani ya J. H. Sinclair, kuwa ukumbusho wa amani baada ya vita vya 1914–1918. Katika zama zile za ukoloni, aliyechagua kitu gani kiwekwe na kielezwe vipi aghalabu hakuwa mwenye kitu. Mwenye kitu alitazamwa, hakuulizwa. Leo mambo yamebadilika. Zamani aliyetaka elimu hii alitazama vyuo vya mbali, kama Leicester kule Uingereza, kilichoanzisha idara yake mwaka 1966. Mafunzo yakasogea Afrika pia: Jos nchini Nigeria mwaka 1963, Cape Town na Robben Island mwaka 1998, na Mombasa, jirani yetu, mwaka 2000. Hili ni jambo la kushukuriwa. Lakini kuleta darasa karibu si sawa na kuleta moyo karibu. Mtu anaweza kusoma Mombasa akarudi Unguja na jicho la mgeni.

Ipo hatari nyingine iliyo mlangoni petu. Pwani ya Kendwa leo imejaa mahoteli, na kijana anaweza kupata fedha huko mapema kuliko katika ofisi ya makumbusho. Hata akiichagua makumbusho, atavutwa kumpangia mtalii maonyesho kabla ya mwenyeji. Hatusemi mgeni afungiwe mlango. Ukarimu ni katika utamaduni wetu. Lakini mtu hukumbushwa jambo lililokuwa lake. Mgeni huarifiwa, mwenyeji ndiye hukumbushwa. Makumbusho inayoarifu tu, isiyokumbusha, imeliacha jina lake.

Basi haki ya mtunzaji inatoka wapi? Sisi twaona haitoki katika cheti, bali katika amana. Mtu aliyewekewa amana hajawa mwenye mali. Ana wajibu wa kuijua, kuiandika katika daftari kwa ukweli, kuikinga isiharibike, na kuwa tayari kuulizwa na mwenyewe. Fundi wa Nungwi akiingia makumbusho akaiona tezo ndani ya kioo, na maelezo yake yana kosa, ni lazima awepo wa kumsikiliza na kuyasahihisha. Fundi asipokuwa na njia ya kusema, tezo ile imenyang'anywa mara ya pili, na safari hii na mtoto wa nyumbani.

Mwanzoni mwa karne hii mfano wa mtepe, chombo cha kale kilichoshonwa kwa kamba, uliwekwa ndani ya Beit al-Ajaib. Kazi kama ile haikamiliki kwa vitabu peke yake, wala kwa mikono peke yake. Vitabu vilihitaji mikono inayojua mbao, na mikono ilihitaji vitabu kwa kuwa mitepe ilikwisha toweka baharini.

Walimu wanaowaongoza wanafunzi katika kuchagua masomo wawaeleze haya yote mawili. Wahenga walisema ahadi ni deni. Amana ni deni kubwa zaidi. Wazee wa Kendwa wakiuliza shahada itaongeza nini, kijana awajibu bila ya haya: itaongeza ujuzi kidogo, na deni kubwa, na wadai ni nyinyi.