Dawa ya Moyo Usilipe Jino

Kaa kitako, mjukuu wangu. Haya nimeyasema mpaka sauti imekwisha: kwa baba yako, kwa shangazi zako, kwa majirani kuanzia Kizuiani mpaka Chamazi. Nitayasema tena kwa kuwa nakuona na kapsuli sita za amoksilini za rangi mbili mkononi, ulizonunua duka la dawa hapo kituoni bila cheti, ati uzimeze usiku huu ili kesho hospitali ya Temeke wakikung'oa jino, kidonda kisioze.

Nani kakwambia? Jirani. Na jirani kaambiwa na nani? Hapo ndipo ninapochoka.

Sikatai, wapo wanaomeza dawa hiyo kabla ya kung'olewa jino. Lakini hawalilishi jino, wanaukinga moyo. Jino likitoka, vijidudu vya kinywani huingia kwenye damu. Kwako wewe mwenye afya, mwili huvimaliza upesi wala hujui kama vilipita. Yuko mwingine, valvu ya moyo wake ni ya bandia, au aliwahi kupata maambukizi ndani ya moyo, au kazaliwa na kasoro nzito za moyo. Kwake vijidudu hivyo vikinasa kwenye valvu huzaliana hapo hapo, na ugonjwa huo unaua. Huyo ndiye hupewa amoksilini gramu mbili, yaani kapsuli nne za miligramu 500, mara moja tu, nusu saa mpaka saa moja kabla daktari hajaanza. Si usiku wa kuamkia, wala si siku tano mfululizo.

Zamani waliopewa walikuwa wengi. Mwaka 2007 Jumuiya ya Moyo ya Marekani ikaipunguza orodha, na 2008 Waingereza wakashauri isitolewe kabisa, ingawa baadaye walilegeza kauli. Sababu yenyewe haina makuu: kutafuna na kupiga mswaki kila siku huingiza vijidudu kwenye damu vilevile. Kinywa kisafi mwaka mzima kinamlinda mgonjwa wa moyo kuliko kapsuli za siku moja. Mimi ningeanzia hapo, lakini mswaki hauna mtu wa kuusifia kituoni.

Sasa hizo sita zako. Kutibu hazitibu, kukinga hazikingi. Kazi yake itakuwa kuua vijidudu dhaifu na kuviacha vile vigumu vizaane. Fleming, aliyegundua penisilini, alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945 alionya juu ya mtu anayejinunulia dawa na kumeza pungufu. Penisilini ilikuwa bado changa, mjukuu wangu, naye keshamwona mteja wa kituoni.

Kinachoniuma zaidi ni hiki: asiyehitaji anameza, anayehitaji ananyamaza. Tangu Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ianze kazi pale Muhimbili mwaka 2015, wapo watu waliofanyiwa upasuaji wa valvu wakarudi kuishi mitaani kwetu. Mtu ana kovu kifuani, anakaa kwenye benchi la kung'oa meno, anaulizwa una ugonjwa wowote, anajibu sina, jino tu. Anaogopa kurudishwa nyumbani na maumivu yake.

Yule binti wa nyumba ya nyuma, anayechomwa sindano ya penisilini kila mwezi kwa sababu ya moyo, naye analalamika jino. Mpitie asubuhi mwende pamoja. Abebe kadi yake ya kliniki, amwonyeshe daktari kabla ya ganzi, na sindano aitaje. Vijidudu vya kinywa chake huenda vimeshaizoea penisilini, na amoksilini ni ya jamii hiyohiyo. Daktari akiona anahitaji kinga, atamchagulia dawa ya jamii nyingine.

Wewe ukiulizwa umemeza nini, sema kweli. Na ukishang'olewa, shavu likivimba au homa ikapanda, hayo sasa ni ya kutibiwa, si ya kukingwa. Rudi hospitali siku hiyohiyo, usipitie kituoni kwanza.