Kulia si Kukosa Subira

Bismillahi Rahmani Rahim.



Ijumaa ya tarehe 3 Mei 2024 mabomu yalianguka kwenye kambi za wakimbizi wa vita, hapa Lac Vert na Mugunga. Watu walikufa, wakiwemo watoto. Mama aliyefiwa siku ile akilia hata leo, huenda jirani akamwambia: "Nyamaza, umekosa imani."

Je, ni kweli? Tusome Sura Yusuf. Nabii Yaakub alimlilia mwanawe hata macho yakawa meupe kwa huzuni. Wanawe walipomlaumu, alijibu kwamba masikitiko yake anampelekea Mwenyezi Mungu. Hakuficha machozi, wala hakukata tamaa. Na Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) naye alimlilia mwanawe Ibrahim.

Basi mwenye subira hulia pia, lakini anajua amlilie nani. Ndiyo sababu subira na swala tumeamrishwa pamoja: aliyenyamazishwa na watu, kwenye sijida husikilizwa.

Nawe unayefariji, usimkemee mwenye msiba. Keti naye, mchotee maji ya udhu, mwombeeni dua marehemu wake.

Wabillahi tawfiq.