Aliyesaidiwa, Je, Ameshinda?



Yako maswali huzuka katika mambo ya upuuzi, na yenyewe si ya upuuzi. Kwa miaka kadhaa sasa watu wazima wenye akili zao, huko Marekani, Ulaya, Japani na kwengineko, wamekuwa wakishindana kwa hoja, na mara nyengine kwa matusi, juu ya mchezo wa kompyuta. Ukiyafuata maneno yao mpaka shinani utakuta kwamba wanauliza jambo moja: mtu aliyefika mwisho wa njia ngumu kwa kusaidiwa, je, amefika au hakufika? Litoe swali hilo katika mchezo, uliweke katika chuo, au katika duka ambalo kijana amesaidiwa na baba yake kulifungua, utaliona ni lile lile. Kwa hivyo yafaa tulitazame kwa insafu.

Mchezo wenyewe waitwa Elden Ring. Ulitoka tarehe 25 Februari 2022, nao umetengenezwa na kampuni ya FromSoftware ya Tokyo chini ya uongozi wa Hidetaka Miyazaki. Mwandishi wa Kimarekani, George R. R. Martin, ndiye aliyeutungia ngano za zama za kale za nchi yake ya kubuni. Mchezaji hupewa nchi nzima iliyo wazi mbele yake: milima, maziwa, ngome, mapango na magofu, akapewa na farasi, kisha akaachwa aende atakako. Hakuna daftari la kumkumbusha aliyoahidi, na mwongozo wa njia ni mwale mwembamba wa nuru unaoelekea upande fulani. Akiuawa hurudishwa nyuma, na mali aliyoichuma hubaki pale alipofia. Akifa tena kabla ya kuifikia, imepotea. Michezo mingi humwuliza mtu tangu mwanzo: wataka mepesi, ya wastani, au magumu? Huu haumwulizi. Pamoja na ugumu huo, nakala milioni 12 ziliuzwa kabla ya Machi 2022 kwisha, na kufikia Februari 2023 zilikuwa zimetimia milioni 20.

Mimi sikuushika mchezo huu kwa mikono yangu. Vidole hivi vimezoea chaki. Nimekaa nyuma ya vijana nikatazama, nikauliza, nikasikiliza wanavyobishana. Ama wakati unaopotea humo, hiyo ni mada nyengine na imesemwa sana. Na kwamba ngano zake zimejaa miungu ya kubuni, kila mzazi anajua la kumwambia mwanawe. Leo nataka kuzungumza juu ya ule ubishi.

Kundi la kwanza lasema: mchezo usiguswe. Hoja yao si dhaifu. Mchezaji anapotoka tu mara ya kwanza kwenye uwanja wazi, humwona mpanda farasi aliyevaa dhahabu tupu akitembea barabarani. Mgeni humwendea kwa ushujaa, na kwa mapigo mawili matatu humalizika. Hurudi, hufa. Hurudi tena, hufa. Mwishowe hufahamu kwamba hakuna aliyemlazimisha kupigana naye siku ile, kwamba nchi ni pana, na kwamba aweza kumzunguka, akaenda kwengine kupata nguvu na silaha, akarejea baadaye. Siku atakapomshinda, ile furaha haielezeki. Wasema: mkiweka kitufe cha kumdhoofisha mpanda farasi huyu, mtakuwa mmemwondolea mtu somo na furaha yake kwa pamoja.

Kundi la pili lasema: sote tumelipa bei moja. Yuko mwenye mikono iliyopooza, yuko asiyeona vyema, na yuko baba wa watoto watatu arudiye kazini usiku, naye ana saa moja tu. Kwa nini hawa wafungiwe nje? Nao huonyesha mfano: mchezo wa Celeste wa mwaka 2018, ambao nao ni mgumu, ulimpa atakaye ruhusa ya kuipunguza kasi yake na kujiongezea uwezo, na haukuharibika. Ubishi huu si mpya. Uliwaka sana mwaka 2019, kampuni hii hii ya Tokyo ilipotoa Sekiro, ambao wengi waliuona mgumu kupita yote yake ya nyuma.

Liko na kundi la tatu, ambalo halilalamikii ugumu bali hali ya kutofahamu: hadithi imetawanyika vipande vipande, na mtu humpoteza aliyezungumza naye jana asijue pa kumtafuta. Hawa kampuni yenyewe iliwapa haki kidogo, kwani mwezi wa Machi 2022 iliongeza alama za watu hao katika ramani. Ila mafundi wachache wa makampuni mengine waliposema hadharani kwamba mpangilio wa mchezo una kasoro, walirushiwa maneno makali na wapenzi wake, kana kwamba wametukana wazee wa mtu.

Basi tuseme nini? Kwanza, haki ya fundi. Aliyetengeneza kitu anayo haki ya kukitengeneza kigumu, na mwenye kukinunua anayo haki ya kutokinunua. Hilo halina mvutano mkubwa. Lakini haki ya kufanya jambo si dalili kwamba jambo lenyewe ni jema, na hapa ndipo watu wa kundi la kwanza wanapokwenda mbio kupita kiasi. Wao wasema taabu ndiyo iletayo thamani. Sisi tuliofundisha twajua kwamba iko taabu ifundishayo na iko taabu isiyofundisha kitu. Mwanafunzi ukimpa sura ndefu kidogo kuliko alivyozoea, atahangaika na atakua. Mwanafunzi mwenye kigugumizi ukimsimamisha mbele ya wenzake asome kwa kasi kama wao, hutamwongezea elimu ila aibu. Yule mpanda farasi wa dhahabu amfundisha mwenye vidole vizima kupima nguvu zake. Mwenye vidole visivyoweza kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja hamfundishi kitu, hata akimwua mara mia. Kumwambia huyu kwamba atafute thamani katika taabu ni dhihaka. Taabu yake ilianza kabla mashine haijawashwa.

Mwaka 2024 jambo hili lilijaribiwa kwa vitendo. Tarehe 21 Juni ilitoka nyongeza ya mchezo huo, na kelele zikapanda. Katika duka la Steam maoni ya wanunuzi yalichanganyika, wengine wakilalamikia ugumu, wengine mashine zilizokuwa zikikwama. Katika nchi ile mpya kulikuwa na vipande vya baraka vilivyotawanywa vya kumwongezea mchezaji nguvu. Wengi walipita bila kuvikusanya, wakakimbilia vita. Kampuni iliwakumbusha wavikusanye, kisha, kabla ya mwezi kwisha, ikaviongezea nguvu vile vya mwanzo. Na nini kilichotokea kwa wale walioshinda kabla ya wepesi huo kuja? Hakuna. Ushindi wao ulibaki pale pale.

Sasa twafika kwenye kiini. Ndani ya mchezo huu huu mtengenezaji ameweka misaada. Mchezaji hupewa kengele ya kuwaita mashujaa waliokwisha kufa waje wapigane pamoja naye. Aweza pia kumwita mchezaji mwengine, binadamu aliye hai katika mji wa mbali, aingie kumsaidia. Yote haya yamo kwa ruhusa ya mwenye mchezo. Hata hivyo wametokea watu wasemao: aliyepiga kengele ile hakushinda, aliyemwita mtu hakushinda, mshindi ni yule aliyesimama peke yake tu. Na wasema hivyo kwa kejeli, kumwambia mtu aliyekaa wiki nzima mbele ya adui mmoja, akamshinda, akaja na furaha yake.

Nawauliza hawa: je, wepesi wa mwenzako wakupunguzia nini wewe? Kama ulipanda mlima kwa ajili ya mlima, mlima umeupanda, na aliyepandishwa kwa kamba hakuuteremsha hata shibiri moja. Ukiona uchungu kwa sababu yeye naye yuko kileleni, basi wewe hukuutaka mlima. Ulitaka kuonekana uko juu peke yako. Jambo hilo lina jina lake, na halikuanza na kompyuta.

Huenda msomaji akasema: lakini, Sheikh, shahada ikitolewa kwa kila mtu huwa haina thamani. Kweli, na hoja hii ina uzito wake. Tabibu aliyenong'onezewa majibu katika mtihani ni hatari, na nahodha vivyo hivyo, kwa sababu shahada ni ushahidi kwa watu wengine kwamba waweza kumwachia huyu roho zao. Lakini aliyemwangusha jabari katika Elden Ring hatoi ushahidi kwa mtu yeyote. Hakuna mgonjwa anayemngojea mlangoni. Kwa hivyo kipimo cha mtihani hakiingii hapa, ila katika jambo moja tu, nalo ni uwongo. Mtoto aliyehifadhi kwa kukumbushwa na mwenzake, aya baada ya aya, usiku baada ya usiku, amehifadhi. Sijamsikia mwalimu hata mmoja asemaye hakuhifadhi. Yule aliyeficha karatasi mkononi akajidai asoma kwa moyo ndiye aliyetuhadaa. Vivyo hivyo, aliyemwita msaidizi kisha akatangaza kwamba alikuwa peke yake, huyo alaumiwe. Alaumiwe kwa uwongo, si kwa msaada.

Na hapa iko habari ambayo wakali hawa yafaa waijue, maana yamhusu mtengenezaji mwenyewe. Bwana Miyazaki alipata kueleza asili ya ule mpango wa wachezaji kusaidiana, ambao aliuanza katika mchezo wake wa mwaka 2009, Demon's Souls. Alikuwa akiendesha gari kupanda kilima, theluji nyingi imeanguka, na magari yaliyo mbele yamekwama yakiteleza. La kwake nalo likakwama. Gari la nyuma yake likamsogelea likamsukuma, na lile la nyuma likalisukuma hilo, mpaka akafika juu. Hakuweza kusimama kuwashukuru, kwani angesimama angekwama tena. Alijiuliza kama wale wa nyuma walifika, akajua kwamba pengine hatawaona tena maishani. Hali hiyo, ya mtu usiyemjua kukusaidia kisha akatoweka, ndiyo aliyotaka kuitia katika mchezo.

Basi tazama, ewe msomaji! Mtu ametengeneza kilima chenye theluji kwa makusudi ili watu wasukumane, na wafuasi wake wamesimama kileleni wakimcheka aliyesukumwa.

Wapo walioelewa. Mwaka huo huo wa 2022 alijulikana mchezaji mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kungoja kuitwa na walioshindwa na Malenia, mwanamke mpiganaji ambaye wengi wamemhesabu kuwa mgumu kuliko wote katika mchezo ule. Aliingia katika mchezo wa kila aliyemwita akiwa na mtungi kichwani, panga mbili za Kijapani mikononi, na mwilini hana ila kitambaa cha kiunoni (la nguo mniwie radhi, ndivyo alivyochagua). Akimwomba mwenyeji asimame kando, kisha akipigana naye peke yake. Kufikia Mei 2022 alikuwa amemshinda zaidi ya mara elfu moja, kwa ajili ya watu asiowajua. Kampuni ya Bandai Namco, wauzaji wa mchezo huo, ilimpelekea upanga wa zawadi mwezi wa Julai. Mtu huyu angeweza kuliko wote kusema "mimi peke yangu", na hakuna aliyemsikia akimdharau aliyemwita.

Sisemi kwamba kila msaada humo ni wa kheri. Wachezaji huweza kuachiana ujumbe mfupi ardhini, uliopangwa kwa maneno yaliyowekwa tayari, na mgeni apitaye kesho akausoma. Wengine huonya juu ya adui aliyejificha nyuma ya mlango. Wengine huandika mbele ya ukuta mtupu kwamba hapa kuna njia ya siri, ili mtu akae akiupiga ukuta kwa upanga. Na wengine, kwenye ukingo wa genge, humshauri mtu aruke. Vijana hulicheka hili, na kwa kuwa hafi mtu wa kweli, sitalikuza. Ila nilimwuliza mmoja wao aliyekwisha kuruka mara mbili: mbona wausoma ujumbe unaofuata? Akajibu kwamba mwingi ni wa kweli, na bila huo asingevuka hata ngome ya kwanza.

Kisha akanieleza jambo ambalo sikulijua. Mtu akiupenda ujumbe wako akausifu, wewe uliyeuandika huongezewa uhai papo hapo, popote ulipo katika mchezo. Wako waliokuwa wamebakiwa na tone mbele ya adui wao, pigo la mwisho li njiani, wakauona uhai wao unapanda. Na sababu yake ni mgeni fulani, katika nchi wasiyoijua, aliyeinama dakika ile akasoma onyo waliloliacha mlangoni.