Hana Hakukimbilia Dukani

Wapendwa wa Kilosa na Mikumi,

Mpunga umeshavunwa, ufuta umeuzwa, na fedha iko mkononi kwa muda mfupi kama kawaida yetu. Wauza nguo wanaijua kalenda hiyo kuliko sisi. Pale Mikumi, kando ya barabara kuu iendayo Iringa na Zambia, belo la mitumba likifunguliwa alfajiri, kufikia saa mbili picha zimeshaingia kwenye simu: mzigo umeshuka, wahi. Huku Kilosa mama anapita na vitenge nyumba kwa nyumba, anakuachia doti, utalipa mwisho wa mwezi. Siwalaumu. Wengi ni washarika wenzetu, na ada za watoto wao zinatoka humo humo.

Nasema na mnunuzi, hasa yule ambaye sanduku limejaa na bado anachagua. Mwulize nguo ya mwisho aliinunua lini, utasikia habari nyingine kabisa: siku aliyogombana na mume, siku wifi alipomsema msibani, siku nyumba ilipokuwa kimya baada ya mtoto kwenda bweni. Wanaume msicheke. Viatu na jezi za Simba na Yanga havinunuliwi na akina mama.

Katika Biblia mtu akipatwa na uchungu huirarua nguo. Yakobo alirarua alipoletewa kanzu ya Yusufu yenye damu, Daudi alipopata habari za Sauli na Yonathani. Sisi tukiumia tunanunua. Na nguo inatuliza kweli, tusidanganyane, ila ni kwa siku ile. Ikishafuliwa mara moja, maneno ya wifi yako pale pale, na juu yake kuna deni. Wapo walioangukia mikopo ya kausha damu kwa jambo lililoanza na gauni.

Someni 1 Samweli, sura ya 1 na ya 2. Hana hakuwa amejaliwa mtoto, na mke mwenzake Penina alimchokoza mwaka baada ya mwaka. Elkana, mume mwenye upendo, alimpa fungu kubwa la nyama na kudhani limetosha. Halikutosha, chakula hakikupita kooni. Mama huyu akainuka pale Shilo walikokwenda kuabudu, akalia mbele za Bwana mpaka kuhani Eli akamdhania kalewa. Angalieni kwamba uso wake ulikunjuka siku ile ile, kabla hata ya mimba. Alikuwa ameshasema lililomsumbua. Nguo inaingia baadaye, katika sura ya 2: kila mwaka alimshonea mwanawe Samweli kanzu ndogo na kumpelekea huko Shilo. Moja tu kwa mwaka, nadhani kwa kuwa ile ya mwaka jana ilikuwa imembana.

Basi naomba tufunge kununua nguo, kuanzia Jumapili hii hadi shule zifunguliwe Januari. Sare za shule hazimo katika mfungo huu, wala nguo za ndani, wala za mtoto aliyekua. Krismasi ndiyo itauma, najua. Iliyochanika ipelekwe kwa fundi cherehani. Hamu ikija, jiulize ni nani amekuumiza wiki hii, kisha nenda mkazungumze, au njoo tuombe pamoja. Na sanduku likizidi, mgawie jirani. Waliokuwepo hapa Kilosa Disemba 2009 na Januari 2010, mto Mkondoa ulipofurika na maelfu wakahamia kambini, wanajua mtu anavyotoka nyumbani na nguo aliyovaa.

Kanisa nalo halijanawa mikono. Pasaka kitenge kipya, sikukuu ya mavuno kingine, askofu akija kingine, halafu kwaya na sare zao. Yupo mama anayebaki nyumbani Jumapili kwa sababu hakuweza kuchangia. Mtume Yakobo, katika sura ya 2 ya waraka wake, aliukemea mkutano unaomkalisha pazuri mwenye mavazi mazuri. Angetutembelea leo angetukuta na kamati ya sare.

Kwa hiyo kwaya zote na umoja wa wanawake: mwaka huu hakuna sare mpya. Za mwaka jana bado zinang'aa. Viongozi tukutane Jumapili ijayo baada ya ibada, na fedha iliyokwisha kuchangwa irudishwe kwa wenyewe.