Kinachovuka Daraja

Programu mbili zilizoandikwa kwa lugha tofauti hazina namna ya kupeana kitu mkono kwa mkono. Skripti ya PHP inayoendesha duka la mtandaoni huko Kilimani, Nairobi, huweka oda ya mteja kwenye kumbukumbu ya kompyuta kwa umbo ambalo PHP peke yake hulielewa. Skripti ya Python inayotunza hesabu za duka hilohilo ina maumbo yake. Ili oda itoke huku ifike kule, sharti ivuliwe umbo lake, ikunjwe iwe mstari mmoja wa herufi, ipitishwe kwenye faili au mtandao, kisha ikunjuliwe upande wa pili na kuvishwa umbo jipya. Zinazosafiri ni herufi tu. Oda yenyewe huvunjwa upande mmoja na kujengwa upya upande wa pili.

Hapo huzuka swali la kale: je, kinachopokelewa ndicho kilichotumwa? Wagiriki walibishana kuhusu jahazi la Theseus, ambalo mbao zake zilibadilishwa moja baada ya nyingine hadi zikaisha zote, wakauliza kama bado ni jahazi lilelile. Hali ya data ni ngumu zaidi. Ni kama jahazi lililopimwa Lamu, vipimo vikaandikwa kwenye karatasi, karatasi ikapelekwa Mombasa, na huko fundi asiyewahi kuliona akaunda jingine kwa mbao zake mwenyewe. Hakuna hata ubao mmoja uliosafiri. Likiitwa lilelile, litaitwa hivyo kwa sababu ya vipimo, na vipimo navyo hutegemea mafundi wawili wawe wamekubaliana dhiraa moja ina urefu gani. Dhiraa hupimwa kwa mkono, na kila mtu ana mkono wake.

Nairobi ina mfano wa jambo hili, tena wenye jina linaloufaa. Mwaka 2017 Safaricom, kampuni yenye makao makuu kando ya Waiyaki Way huko Westlands, ilifungua njia mpya ya kuunganisha programu za watu wengine na M-Pesa, huduma iliyoanza Machi 2007, ikaiita njia hiyo Daraja. Mteja wa Lavington akibonyeza kitufe cha kulipia chakula, programu ya mkahawa hutuma ombi lililoandikwa kwa JSON, mtindo wa kuandika data kwa herufi za kawaida ambao asili yake ni JavaScript lakini sasa husomwa na karibu kila lugha. Simu ya mteja humwomba PIN. Baadaye kidogo Daraja hupeleka taarifa ya matokeo kwenye anwani ambayo mkahawa uliitaja ndani ya ombi lake. Mkahawa unaweza kuwa umeandika programu yake kwa PHP, Java, Go au Python. Daraja halina haja ya kujua. Linachodai ni kwamba herufi zije kwa mpangilio uliokubaliwa.

Mpangilio huo una sifuri mbili zinazostahili kuangaliwa kwa makini. Ombi likipokelewa vyema, jibu la papo hapo huwa na "0" ndani ya alama za nukuu, yaani maandishi. Taarifa ya mwisho, pesa zikishalipwa, huja na 0 isiyo na alama hizo, yaani namba. Kwa jicho la mtu ni pacha. PHP ikiulizwa kama sifuri hizo ni sawa, kwa alama yake ya kawaida ya kulinganisha, hujibu ndiyo. Python hujibu hapana. JavaScript ina alama mbili za kulinganisha, na kila moja hutoa jibu lake. Kisha kuna swali jingine ambalo lugha hizi huliuliza kila kitu kinachopita mbele yao: wewe ni kweli au uongo? Kwa PHP, "0" ya maandishi ni uongo. Kwa Python na JavaScript ni kweli, kwa kuwa maandishi yoyote yasiyo matupu huhesabiwa kuwa kweli. Alama moja, iliyovuka bila kupoteza hata biti moja, ni uongo ng'ambo hii na kweli ng'ambo ile.

Tena sifuri hiyo ni habari njema. Katika taarifa ya Daraja 0 maana yake malipo yamefaulu, na 1032 maana yake mteja ameghairi. Anayekutana na jambo hili mara ya kwanza hushangaa kuona ushindi ukiandikwa kwa tarakimu ya utupu. Mafundi wa kompyuta wana desturi hiyo tangu Unix ya miaka ya 1970, na hoja yake inaeleweka: kufaulu kuna namna moja, kwa hiyo sifuri inatosha, kushindwa kuna namna nyingi, na kila moja inahitaji namba yake. Ni hoja nzuri, ila sifuri yenyewe haiitamki. Mtu hana budi kuwa ameambiwa kabla.

Neno daraja katika Kiswahili lina maana ya kivuko na pia maana ya cheo, na utata huo umeangukia mahali pake. Kila data ifikayo huulizwa cheo chake: ni namba, ni maandishi, ni orodha? Namba ya simu ndiyo inayoteseka zaidi kwa swali hilo. Nchini Kenya ina tarakimu kumi na huanza na sifuri. Skripti ikiidhani kuwa kiasi, sifuri ya mwanzo hudondoka, kwa kuwa katika hesabu sifuri ya mbele haina uzito, na zinabaki tarakimu tisa zisizompigia mtu yeyote. Kosa hilo si la hesabu, ni la kutojua kitu ni nini. Namba ya simu ni jina lililoandikwa kwa tarakimu. Hakuna aliyewahi kujumlisha namba mbili za simu akapata jambo la maana, kama ambavyo hakuna anayegawanya Kamau kwa mbili.

Utupu nao una vyeo. JSON ina neno moja la kusema pasipo na kitu, null. JavaScript ina mawili. R, lugha inayopendwa na wanatakwimu, hutofautisha kisichokuwapo na kile ambacho kipo ila thamani yake haijulikani. Vyote viwili vikisukumwa vipite kwenye null moja, upande wa pili hauwezi tena kuvitenganisha. Hasara hiyo si ndogo. Anayesema hakuna Mungu na anayesema hajui kama yuko wametofautiana kiasi cha kujaza maktaba, lakini fomu yenye kisanduku kimoja kitupu huwahesabu kuwa watu wa imani moja.

Saa zinaonyesha jambo hilohilo kwa watu wa Nairobi kila siku. Anayeambiwa wakutane saa mbili asubuhi huangalia saa ya simu yake na kuona 8:00, na hufanya tafsiri hiyo bila kuhisi kwamba ametafsiri. Kompyuta haina mazoea hayo. Taarifa ya Daraja huandika wakati wa malipo kama tarakimu 14 mfululizo, kuanzia mwaka hadi sekunde, bila kutaja ni wakati wa wapi. Kenya iko saa tatu mbele ya wakati wa kimataifa ambao seva nyingi huufuata. Malipo ya saa saba na nusu usiku, mwaka mpya ukiwa na dakika 90 tu, kwa seva ya namna hiyo bado ni ya Desemba 31, katika mwaka uliokwisha. Na kwa mapokeo ya pwani siku huanza jua likitua, ndiyo maana jioni ambayo ofisi za mjini huiita Alhamisi, mzee wa Mombasa huiita usiku wa Ijumaa. Wote wanasema juu ya dakika moja, wala hakuna mwongo kati yao.

Mifano hii yote inaelekea upande mmoja. Maana haimo ndani ya ujumbe. Ujumbe hubeba alama, na maana inakuwa imeshafika kwa njia nyingine, kupitia makubaliano yaliyofanywa kabla ya alama ya kwanza kutumwa. Pasipo na makubaliano, mpokeaji hatabaki mikono mitupu, na hilo ndilo la kuogopwa. Atapata maana fulani, iliyo yake, naye ataiamini.

Okot p'Bitek, mshairi na mwanaanthropolojia wa Uganda aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi miaka ya 1970, alisimulia kisa cha namna hiyo katika kitabu chake kuhusu dini za Afrika na wataalamu wa Magharibi. Mwaka 1911 mapadri wa Kiitalia waliwauliza wazee wa Kiacholi wa Uganda ni nani aliyewaumba. Lugha ya wazee haikuwa na neno la kuumba kutoka pasipo kitu, hivyo swali likafika likiwa na kitenzi cha kufinyanga, kama mtu anavyofinyanga chungu. Wazee walisema hawajui. Waliposhikiliwa, mmoja akakumbuka kwamba mtu aliyezaliwa mzima huweza kupatwa na ugonjwa wa uti wa mgongo ukampinda, na anayefinyanga watu hivyo ni Rubanga, pepo anayeogopwa. Mapadri wakapata jina walilolitafuta, wakaanza kumhubiri Rubanga kama Mungu Baba aliyewaumba Waacholi. Fundi wa programu akisoma kisa hiki atakiona kama hitilafu ya aina ya data: swali lilihitaji Muumba, kisanduku kilikubali jina lolote linalofuata kitenzi cha kufinyanga, na hakuna kengele iliyolia. Pande zote mbili ziliondoka zikiamini zimeelewana.

Katika Chuo Kikuu hichohicho cha Nairobi, mwanafalsafa Odera Oruka alianza mwaka 1974 kuwatembelea wazee wenye hekima wa Kenya, miongoni mwao Paul Mbuya Akoko, na kuwahoji kwa lugha zao kuhusu Mungu, mauti na uhuru; mazungumzo yakatafsiriwa na mengine kuchapishwa kwa Kiingereza katika kitabu chake cha 1990. Wakosoaji walisema haijulikani hekima hiyo ni ya mzee au ya msomi aliyeuliza, kwa kuwa swali huchonga jibu. Ukosoaji huo una nguvu, lakini ukifuatwa mpaka mwisho unafuta kila mazungumzo, pamoja na ya mkosoaji na wanafunzi wake. Mwanafalsafa Mmarekani Willard Quine alikuwa amekwenda mbali zaidi mwaka 1960, akidai kwamba tafsiri mbili zinazopingana zinaweza zote kulingana na ushahidi wote uliopo, na hakuna hakimu wa tatu wa kuamua. Kompyuta, kwa namna fulani, zina bahati kuliko wanadamu wa Quine. Lugha zao zilitungwa, na waliozitunga waliacha maandishi.

Wanazuoni wa Kiislamu walilikabili tatizo hili karne nyingi kabla ya kompyuta. Katika elimu ya hadithi za Mtume walitenganisha riwaya kwa lafdhi, ambapo mpokezi hutamka maneno yaleyale aliyoyasikia, na riwaya kwa maana, ambapo huruhusiwa kutumia maneno yake. Walioikubali ya pili walimwekea mpokezi sharti kali: awe mjuzi wa lugha na atambue ni badiliko gani hupotosha maana. Asiyejua alitakiwa ashikilie lafdhi. Kwa mizani hiyo JSON ni mpokezi wa lafdhi, mwaminifu kabisa na asiyeelewa chochote. Maktaba za programu zinazoikunjua, zikigeuza null kuwa None na orodha kuwa safu, hupokea kwa maana, na ni huko upotovu unakoingia. Wanazuoni walidai pia sanadi, mlolongo wa nani alipokea kwa nani, ili kosa likitokea lijulikane liliingilia kwa nani. Seva zinazotunza kumbukumbu ya kila ombi hufanya kazi hiyohiyo bila kulijua neno lenyewe.

Kuhusu lawama, Waswahili husema mjumbe hauawi, na bomba linalopitisha herufi bila kuzisoma linastahili msamaha huo. Asiyestahili ni yule aliyeandika pande zote mbili bila kuandika mapatano. Data ni amana, na amana hurudishwa kama ilivyowekwa. Lakini hakuna awezaye kusema imerudi ilivyokuwa kama haikuandikwa mwanzo ilikuwaje. Ndiyo maana mafundi waangalifu huandika mapema kwamba kiasi ni namba, simu ni maandishi na wakati una kanda yake, na programu inayopokea huvikagua vyote mlangoni kabla ya kuviamini.

Linabaki suala la kimya. Duka limetuma ombi, mteja ameweka PIN, na taarifa haijarudi. Je, pesa zimekwenda? Wataalamu wa kompyuta wamethibitisha tangu miaka ya 1970 kwamba palipo na njia inayoweza kupoteza ujumbe, hakuna idadi ya jumbe inayowapa wawili hakika kamili. Marafiki wawili wanaotaka kukutana Kencom, kila mmoja akiwa tayari kutoka nyumbani ikiwa tu ana hakika kwamba mwenzake anatoka, watatumiana uthibitisho, na uthibitisho wa uthibitisho, na yule aliyetuma wa mwisho hatajua kama umefika. Muuzaji wa simu wa Luthuli Avenue huimaliza falsafa hiyo kwa neno moja. Mteja humwonyesha ujumbe kwenye simu yake na kuuliza, "Imeingia?" Muuzaji hautazami ujumbe huo, hutazama simu yake mwenyewe, na kama haijalia husema, "Bado."

Programu iliyoandikwa vizuri hufanya kama muuzaji huyo. Kimya kikizidi, huliuliza Daraja hali ya ombi kwa namba liliyopewa mwanzo, badala ya kumwomba mteja alipe tena. Taarifa ileile ikifika mara mbili, kwa kuwa mtandao nao hurudia maneno, huitambua kwa namba yake, hujibu kwamba imeipokea, na haiongezi shilingi hata moja kwenye hesabu.