JE, MNYORORO NI MAOMBI?

Neno juu ya wagonjwa wa akili katika vijiji vya mbali



Leo tunaleta swali ambalo kila parokia inalijua, lakini mara nyingi tunalijibu kwa mikono kabla ya kulijibu kwa moyo. Mtu akipotewa na akili, na hospitali ya ugonjwa huo iko safari ya siku nyingi, sisi tulio karibu naye tuna haki ya kumfanyia nini?

Tunasema haki, na tunajua kwa nini tunalisema neno hilo. Mgonjwa wa malaria akisema, "Dawa hii inaniumiza," tunamsikiliza. Mwenye mguu uliovunjika akisema, "Mnanivuta vibaya," tunapunguza. Lakini mgonjwa wa akili akisema, "Mnanionea, nifungueni," tunajibu kwamba ni wazimu unaosema. Kuna mahali anafungwa kwenye mti au kwenye nguzo ya nyumba. Ananyimwa chakula, na watu wanaita jambo hilo kufunga na kuomba. Anapigwa, na wanasema anayepigwa ni pepo. Akilia, wanasema pepo ndiye analia. Basi kati ya wagonjwa wote, huyu peke yake hana njia ya kusema hapana. Asiyeweza kujitetea anatuweka sisi mbele ya Mungu kuliko mtu mwingine yeyote.

HALI TUNAIJUA

Hatuandiki kama watu wasiojua njia za Shabunda, Walikale na Mambasa. Tunajua mgonjwa anabebwa kwa tipoyi mpaka anafika penye moto, na moto inakwama kwenye matope. Tunajua kwamba kwenye kituo cha afya kuna munganga mmoja au wawili, wenye kazi ya malaria, ya kuzalisha na ya chanjo. Nyumba zenyewe za kutunza wagonjwa wa akili ziko katika miji mikubwa: CNPP kule Kinshasa, SOSAME kule Bukavu, Tulizo Letu kule Goma. Kwa mtu wa kijijini, hizo ni kama nchi nyingine.

Na vita vimeongeza mzigo. Tangu 1996 watu wa mashariki wamekimbia, wamerudi, wamekimbia tena. Mwaka 2019 Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, lilitangaza kwamba mahali penye vita, mtu mmoja hivi kati ya watano ana shida ya akili, nyepesi au nzito. Hesabuni mabenchi ya kanisa lenu, ndugu, mtaelewa kwamba habari hii haihusu watu wa mbali.

Tunajua pia kwamba wanaofunga mgonjwa si wote wabaya. Mara nyingi ni mama ambaye hajalala wiki mbili. Ni baba aliyeuza mbuzi wote kwa wapiga ramli, na mwana wake ametaka kuchoma nyumba ya jirani. Mnyororo unaanza kwa uchovu na woga. Hatutawahukumu hao. Lakini tutauliza: kanisa lilikuwa wapi wakati mama huyo alikuwa halali?

KWANZA: BADO NI MTU

Katika Marko sura ya 5 tunasoma juu ya mtu wa makaburini. Watu wa kijiji chake walikuwa wamemfunga mara nyingi kwa pingu na minyororo, naye akaivunja. Angalieni Yesu alifanya nini. Alimwuliza jina. Na mwisho wa habari ile tunamkuta mtu yule ameketi, amevaa nguo, ana akili zake. Kisha Yesu anamrudisha nyumbani kwa watu wake. Jina, nguo, kuketi pamoja na wengine, nyumbani. Mnyororo haukumponya hata siku moja. Ulikuwa ni dawa ya woga wa kijiji tu.

Sisi watu wa makanisa ya kinabii tungepashwa kuwa wa kwanza kuelewa. Simon Kimbangu alikamatwa mwezi wa Septemba 1921, akahukumiwa kufa, kisha hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Alikaa gerezani Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, akafia kule tarehe 12 Oktoba 1951. Miaka 30. Wakubwa wa wakati ule walisema ni kwa ajili ya usalama wa watu. Je, sisi tunaokumbuka mateso ya watumishi wa Mungu kila mwaka, tutamfunga mtoto wa Mungu nyuma ya kanisa na kusema vilevile kwamba ni kwa usalama?

PILI: PEPO AU UGONJWA?

Wengi watatuuliza: "Shemasi, huyu ana pepo au ana ugonjwa wa kichwa?" Tunajibu kwamba hatupashwi kungoja jibu hilo ndipo tutende mema. Anayesema ni pepo na anayesema ni ugonjwa, wote wawili wana deni moja kwa mtu huyu: maji ya kuoga, bugali, mahali pa kulala, sauti ya upole.

Tena kuna hatari katika haraka ya kusema ni pepo. Malaria ikipanda kichwani inamfanya mtu aropoke na kupigana, na inaweza kuua kwa siku chache. Akiwekwa kwenye chumba cha maombi bila kupimwa damu, tutazika mtu ambaye dawa ya kituo ingemponya. Ugonjwa wa usingizi, unaoletwa na mbung'o, nao unabadilisha tabia ya mtu: analala mchana, anazunguka usiku, anakuwa mkali bila sababu. Wagonjwa wake wengi zaidi duniani wametoka katika nchi yetu ya Kongo. Tangu 2018 kuna vidonge vya kuutibu vinavyoitwa fexinidazole. Je, tutamkemea mtu usiku kucha juu ya ugonjwa unaoletwa na inzi?

Na kifafa. Ni watoto wangapi wana makovu ya moto juu ya kuanguka jikoni, na hakuna aliyewainua, kwa sababu watu wanasema mate yao yanaambukiza? Mate ya kifafa hayaambukizi mtu. Waganga wameona katika Ituri na Bas-Uélé kwamba kifafa ni kingi katika vijiji vya karibu na mito yenye maji ya kasi, kule wale inzi wadogo weusi wanaleta ugonjwa wa upofu wa mtoni. Kwa hiyo wagawaji wakipita na vidonge vya ivermectin, msiwakimbie. Mnalinda macho, na tena mnalinda vichwa vya watoto.

Hatusemi kwamba hakuna pepo. Tunasema kwamba anayeamini pepo anapashwa kuwa mwangalifu zaidi, maana yeye anasema kwa jina la Mungu, na kosa lake anamwekea Mungu mkononi.

TATU: KIDONGE NA IMANI

Hapa tunaomba wanaoombea wagonjwa watusikie vizuri. Mtu wa kifafa anayekunywa phénobarbital kila siku, akiambiwa aache ghafla ili aonyeshe imani yake, anaweza kushikwa na kifafa mfululizo mpaka kufa. Aliyesema neno hilo hatakuwa ameongeza imani ya mtu. Atakuwa amejaribu imani yake mwenyewe kwa maisha ya mwingine.

Mkumbuke Eliya chini ya mti, katika Wafalme wa Kwanza sura ya 19. Nabii mkubwa alichoka, akaomba afe. Malaika hakumkaripia. Alimwacha alale, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, akampa chakula mara ya pili. Neno la Mungu lilikuja nyuma ya usingizi na chakula. Kama Mungu mwenyewe alianza na mwili wa nabii wake, sisi ni nani kuanza kwa kumnyima mgonjwa chakula?

NNE: JIRANI ZETU WA MSITUNI

Tusimalize bila kusema juu ya Wambuti na Batwa. Vijiji vyao viko karibu na vyetu, lakini mgonjwa wao anafika wa mwisho kwenye kituo cha afya, na wakati mwingine anacheka mtu kabla ya kumwuliza anaumwa nini.

Batwa walioishi katika msitu wa Kahuzi-Biega waliondolewa katika miaka ya 1970 wakati mbuga ilipofanywa na kupanuliwa. Walibaki kando ya mashamba ya wengine, bila udongo wao. Mtu aliyenyang'anywa mahali alipozika babu zake, alipojua kila mti na kila dawa, akikaa kimya siku nzima au akizama katika kanyanga, tunasema ni uvivu wa asili yake. Hapana, ndugu. Huo ni msiba ambao haukupewa matanga. Mwaka 2022, tarehe 15 Julai, nchi yetu ilitoa sheria ya kulinda haki za watu asilia hawa. Sheria ni jambo jema, lakini haitavuka kijito na kumwuliza mgonjwa jina lake. Kazi hiyo ni ya jirani.

Tena tuna la kujifunza kwao. Wambuti wa Ituri, mabaya yakiwapata, wana desturi yao iitwayo molimo: wanakusanyika usiku na kuimba ili msitu uamke na kuwaangalia watoto wake tena. Hatufuati imani hiyo. Lakini tunaona jambo moja: kwao shida ya mmoja ni wimbo wa kambi nzima.

JE, BILA MNYORORO TUFANYE NAMNA GANI?

Tunasikia jibu lenu: "Akiwa huru atatuua usiku." Ni jibu la kweli, wala hatutalidharau. Kuna saa ambapo mtu anapashwa kushikwa ili asijiumize wala asiumize mwingine. Lakini mikono ya ndugu wanne inayomshika saa moja, huku wanasema naye, si sawa na chuma kinachobaki mwezi mzima wakati wenye kukifunga wamekwenda shambani. Mikono inachoka, kwa hiyo inatafuta msaada. Mnyororo hauchoki, ndiyo sababu unatufanya tusahau.

Wengine wamekwisha kuonyesha njia. Ndugu wa Upendo, hao walioanzisha nyumba za Bukavu na Goma, walianza kutoa wagonjwa kwenye minyororo kule Gand, Ubelgiji, mwaka 1815. Tangu 1954 munganga Thomas Adeoye Lambo, kule Aro, Nigeria, aliwaweka wagonjwa wa akili katika nyumba za wanakijiji pamoja na mtu wa jamaa yao. Mchana wanatibiwa hospitalini, jioni wanarudi kijijini. Walitunzwa na watu wa vijiji kama vyetu.

Basi tunaomba kila parokia itengeneze mambo haya:

1. Mgonjwa wa akili akiletwa, apelekwe kwanza kituo cha afya apimwe damu. Maombi yanaweza kutembea naye njiani.

2. Asifungwe, asipigwe, asinyimwe chakula wala maji kwa jina la kanisa.

3. Akina mama na akina baba wapange zamu za kukaa naye usiku, ili jamaa yake walale.

4. Mtu asiache dawa kwa neno la mwenye maombi. Kuacha ni kazi ya aliyeandika dawa.

5. Sehemu ya sadaka iwekwe kwa safari ya mgonjwa na kwa dawa zake za mwezi.

6. Shemasi atembelee kambi za Wambuti na Batwa bila kungoja waje kanisani.

Wapendwa, umbali wa hospitali hautupi ruhusa ya kufanya tunalotaka. Unatupa kazi ambayo ingekuwa ya wengine. Munganga mkubwa yuko mbali, serikali iko mbali, lakini sisi tuko hapa, mlango kwa mlango na mtu huyu. Leo ni mwana wa fulani. Kesho ni mwana wetu. Siku ile tutakapoulizwa, hatutaulizwa kama tulimponya, maana kuponya ni kwa Mungu. Tutaulizwa kama tulijua jina lake.

Mungu awabariki, awape nguvu wenye kukesha na wagonjwa wao usiku huu. Amina.

Shemasi wenu katika kazi ya Bwana